Viluwiluwi Chini ya Kitanda cha Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha vijana zahanati. Bwana afya kasema afya ya mtaa iko mikononi mwetu. Nimeitazama mikono yangu. Sijaona kitu. Kijana atakayeangamiza mazalia mengi ya mbu atatuwakilisha mkutano wa vijana wa nchi zinazoendelea. Ng'ambo! Kwa ndege! Sijaelewa zinaendelea kwenda wapi, ila nami nimo.

Jumanne, 4 Machi
Nimezunguka mtaa mzima. Sijaona hata kiluwiluwi kimoja cha mbu! Jirani yetu, yule binti tunayemwita Miwani, kanitangulia. Kafunika mapipa, kafukia madimbwi, watoto wanamfuata kama vifaranga. Nikamwambia aache uchoyo, anibakizie. Akauliza anibakizie mbu? Nikasema ndiyo. Akanitazama sana. Sijui kwa nini.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali! Kisichookotwa hufugwa. Nimepata viluwiluwi kwenye tairi bovu nyuma ya gereji. Sasa vimo kwenye beseni, chini ya kitanda cha shangazi. Pana giza, na kiuno chake hakimruhusu kuinama. Jumamosi bwana afya akija kukagua, navimwaga mbele yake. Shujaa!

Ijumaa, 7 Machi
Beseni lina maji matupu. Vimeibwa! Namshuku Miwani.

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi kaamka kavimba uso, jicho moja limefumba. Nikamwambia ana damu tamu, ashukuru. Hakushukuru. Bwana afya akainama, akavuta beseni, akatuonyesha maganda yanayoelea. Mbu wametoka humu, akasema, beseni la nani? Shangazi akanigeukia na jicho lililobaki.
"Mwanangu, umenifugia mbu?"
"Shangazi, nilikuwa nakukinga."
Hata mimi sikujielewa.

Jumapili, 9 Machi
Miwani ndiye anayesafiri. Mimi nimepewa adhabu ya kufunika mapipa na kundi lake. Shangazi kachukua chandarua changu, kanihamishia jikoni. Miwani kanieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji, kwamba shabaha ni mbu wapungue. Wapungue! Nikamwuliza, wakiisha tutashindania nini? Akavua miwani, akafuta macho.
Nasikia mwezi ujao ni zamu ya panya. Hapa jikoni nimewaona wawili, wamekonda hadi aibu. Nimewawekea makombo.