Vikopo Arobaini vya Mtaa Wetu

Jumatatu, 5 Juni 2023
Nimepewa vikopo arobaini. Kila kimoja kirudi na kinyesi cha mtoto wa chini ya miaka mitano, maabara itafute minyoo. Mtaa wenye minyoo mingi ndio utakaopewa dawa. Maman Constance, mkuu wa ofisi, amesema atakayeleta pungufu ataandika barua ya maelezo. Naiogopa barua ile kuliko minyoo.

Jumatano, 7 Juni
Milango hamsini, kikopo kimoja. Akina mama wanasema uchafu wa mtoto haupewi mtu wa nje, huwezi kujua ataufanyia nini. Mmoja aliuliza kama mama yangu anajua kazi yangu. Bulonza peke yake amekubali. Binti yake Nsimire, miaka mitatu, tumbo limevimba, miguu kama vijiti. "Beba, tonton. Lakini dawa ikuye mbio, mutoto haiko anakula." Nimeahidi, kama mjomba wa kweli.
Fikiri, mwenzangu wa upande wa Nyawera, tayari ana thelathini na nane. Hata hanuki. Inauma.

Alhamisi, 8 Juni
Nimepata njia. Tatiana, binti wa dada yangu, tunakaa naye. Mtoto mtiifu. Alipojisaidia asubuhi, niligawa kwa kijiko katika vikopo thelathini na tisa. Majina nimebuni kwa uangalifu, hakuna lililojirudia. Dada anatafuta kijiko. Nimemsaidia kutafuta.

Ijumaa, 16 Juni
Matokeo. Vikopo thelathini na tisa, safi. Bila shaka: dada huchemsha maji, na mwezi jana alimpa Tatiana dawa ya minyoo. Sikufikiria. Cha Nsimire kimejaa mayai ya minyoo. Maman Constance akasema kimoja kati ya arobaini ni kosa la maabara, akakifuta kwa kalamu nyekundu. Akanipongeza mbele ya wote. Dawa zimekwenda kwa Fikiri. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nikasema asante.

Jumatatu, 19 Juni
Nsimire amepasuliwa. Minyoo iliziba utumbo. Bulonza alinikuta penye lango la hospitali: "Tonton, dawa ya mutoto wangu ulipeleka wapi?" Nikamwambia ni ofisi iliyoamua.

Alhamisi, 22 Juni
Nsimire anaishi. Bulonza hanisalimu. Ofisi inanituma Nyangezi na vikopo sitini, eti mimi hodari. Nimetafakari sana na kosa langu nimeliona: nilichagua mtoto asiyefaa. Huko nitatafuta mmoja mwenye minyoo.