Kuhamishwa kwa Mtani Wangu Nzigire Bila Idhini Yangu

Louisville, Kentucky
Tarehe 6, mwezi wa sita

Kwa Mheshimiwa Kamishna,
Ligi ya Mito Mitatu ya Mpira wa Vyuo.

YAH: KUPOKONYWA MTANI

Mheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na mimi nahusika zaidi. Mimi ni mzima, mzee wangu ni mzima isipokuwa goti, na watoto wangu wanne wote wana afya na vyeti. Natumaini ofisi yako nayo imeamka salama. Kama haikuamka salama, poleni, lakini someni.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza changu ni cha ghalani: kinajua boksi, lebo, haraka na mapumziko. Hakina maneno ya kumlalamikia mkubwa kwa adabu. Hospitalini wanaita mkalimani, mahakamani wanaita mkalimani, hata daktari wa meno alimwita mkalimani aje kuniambia nifungue mdomo. Ofisi inayoweza kuhamisha vyuo vizima haiwezi kushindwa na barua moja.

Kwanza unijue. Mimi ni mama yake Karoli. Ndiyo, Karoli huyo huyo, jezi namba 47, mpiga teke wa tatu wa Chuo cha Beargrass hapa Louisville. Watu wasioujua mpira wa Kimarekani huniuliza mpiga teke wa tatu kazi yake nini. Nawajibu: wa kwanza akiumia anaingia wa pili, na wa pili akiumia, uwanja mzima utamtafuta mwanangu. Miaka mitatu sasa hakuna aliyeumia. Wote wawili nawaombea uzima kila Jumapili, ingawa kuna Jumapili naomba kwa sauti ndogo. Na Karoli anangoja kwa heshima, mgongo wima, kofia ya chuma magotini. Hakuna mtoto anayekaa benchi kama yule. Siku nyingine kamera inampita na kurudi.

Sasa nieleze utani, maana naona katika ofisi yenu hakuna mwenye mtani, la sivyo msingefanya mlichofanya.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Kwenye bomba la maji la Nyarugusu nilikutana na Nzigire, Mkongomani wa Bukavu. Tulikuwa na redio moja kwa nyumba sita. Mimi nikawa Simba, yeye akawa Yanga, na kutokea hapo tukawa watani kama tulivyowaona wenyeji wetu wakifanya. Mtani si adui, Mheshimiwa. Mtani ni mtu mwenye ruhusa ya kukuambia mbele za watu yale ambayo ndugu zako huyasema ukishaondoka. Anachukua nyama kwenye sahani yako na huna la kusema. Ukifiwa anafika wa kwanza, anakuchekesha mpaka unakula. Ukioza binti, anasimama mlangoni na kutaja kasoro zote za ukoo wako, na bibi harusi hatoki mpaka amalize. Harusi isiyo na mtani ni mkutano wenye keki.

Tulipoletwa Marekani tulipanda ndege tofauti, namba za simu zikapotea, na kwa miaka miwili sikujua Nzigire yuko mji gani, wala kama yuko hai. Ndipo kanisani kwetu wakagawa tiketi za bure za mechi ya Beargrass na chuo kimoja cha Columbus. Nikaenda ili koti langu jipya lionekane. Nilikuwa sielewi kitu, naona tu wanaume wanaangukiana, mara nikasikia kutoka upande wa pili wa uwanja: «Weye refa! Macho yako uliacha mu suruali ya jana?»

Mheshimiwa, duniani kuna sauti moja tu kama hiyo. Niliuzunguka uwanja mzima kwa mbio, na mimi si mtu wa mbio. Alikuwa mpishi wa bweni la chuo kile, kwa hiyo aliona chuo ni chake. Tulikumbatiana nyuma ya vyoo vya uwanjani tukilia na kutukanana. Alisema nimenenepa sawa gunia ya mihogo. Nilijua nimefika nyumbani.

Tangu siku ile, miaka tisa mfululizo, kila Jumamosi ya pili ya Oktoba, ama yeye alikuja Louisville ama mimi nilikwenda Columbus. Halafu mwaka jana mkakiruhusu chuo chake kuihama ligi yenu kwenda Ligi ya Kaskazini, ati kwa sababu ya televisheni. Haya ndiyo madhara, nayaweka kwa namba msije mkasema hamkuyaona.

1. Jina. Pengo la Columbus mmeliziba kwa chuo kutoka jangwani Arizona. Ligi inaitwa ya Mito Mitatu. Nilimwagiza Karoli atafute kwenye ramani mto wa chuo hicho, akapata bwawa la kuogelea. Naambiwa nisishangae, kwani hata wakubwa wamefanya hivyo: ile ligi iitwayo Kumi Kubwa ina vyuo kumi na vinane, na ile ya Pwani ya Atlantiki imechukua vyuo vya California, ambako bahari iliyopo ni nyingine kabisa. Mimi niliishia darasa la sita, lakini darasa la sita la kambini lilikuwa na hesabu, na baada ya chai lilikuwa na jiografia.

2. Sufuria. Columbus ni mwendo wa saa tatu na kidogo. Sufuria yangu ya maharage na ndagala, yaani dagaa wa kwetu, nikiifunga blanketi, inafika paking ya uwanja ikiwa bado inatoa moshi, na mashabiki wa pande zote, hata wale wazee weupe wenye ndevu, hupanga foleni. Arizona ni ndege. Oktoba iliyopita nilijaribu. Mkaguzi wa uwanja wa ndege akasema mchuzi ni kimiminika. Nikamwambia mchuzi wangu unasimama, ulizia. Akainamisha sufuria ahakikishe. Ukasimama. Akamwita mwenzake aje aone, wakaupiga picha, kisha wakaukataa.

3. Benchi. Kwenye basi la kwenda Columbus, mpiga teke wa tatu alikuwa na kiti. Kwenye ndege hana. Sasa timu ikienda mbali, mwanangu anabaki kwangu akilitazama benchi kwenye simu. Nasema bila upendeleo wowote: benchi limepooza.

4. Adabu. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Tangu Oktoba ile isiyo na mechi, Nzigire amekuwa na adabu. Nilimpigia nikamwambia chuo chake kimekimbia kama mwizi wa kuku, nikakaa tayari. Akanijibu: «Bon, Mama Karoli, utani ni mechi. Hakuna mechi, donc nikikutukana itakuwa matusi tu, na mie niko mushirika wa kanisa.» Akaniuliza hali ya goti la mzee. Mwezi wa pili akaisifu picha yangu. Mwezi wa nne akaniita «madame». Mheshimiwa, nilishika ukuta.

Na Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane namwoza binti yangu Fides, mkubwa wangu, muuguzi mwenye diploma mbili ingawa moja ingetosha. Nzigire amesema atakuja kama mgeni. Ataketi. Atasema hongera. Ataleta zawadi iliyofungwa utepe. Mlango wa binti yangu utakuwa wazi tu, kama mlango wa duka! Fides mwenyewe, aliyezoea kunijibu kwa Kiingereza kila neno, alilia kwa Kirundi.

5. Wifi. Katika hiyo Ligi ya Kaskazini, mpinzani mpya wa Columbus ni chuo kimoja cha Buffalo. Na Buffalo, upande wa East Side, anaishi kaka yangu Protasi na mkewe Umurerwa. Huyu Umurerwa, ambaye mpaka mwaka juzi alidhani mpira wa Kimarekani ni ugomvi, amenunua skafu ya chuo na kutangaza kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba Nzigire sasa ni mtani wake yeye. Nzigire amekwishamwambia kwamba kicheko chake ni sawa mbuzi aliyemeza filimbi. Umurerwa akaituma sauti hiyo kwenye kundi ili tusikie sote. Ni tusi zuri sana. Lilikuwa langu kwa haki.

6. Msiba. Mtani wa kweli, siku ya kukuzika, huvaa nguo zako na kutembea kama wewe mpaka wafiwa wacheke. Nzigire amenisoma miaka zaidi ya ishirini. Anaujua mguu wangu wa kushoto kuliko mimi. Nikifa leo, kwa mpangilio wenu huu, ni nani atakayeniiga? Wale wa Arizona? Watumeni basi waje wanitazame nikitembea, waanze mazoezi.

Baada ya kuyatafakari hayo nikajiambia: Dafroza, labda hekima ya wakubwa huijui, jaribu na wewe. Nikachukua kalamu nikaupanga upya ukoo wangu kwa utaratibu wenu, kwa kuangalia nani anatazamwa zaidi. Umurerwa nilimhamishia Kanda ya Pasifiki. Mama mkwe, ambaye video zake za kucheza zinatazamwa na watu wengi, nikampandisha awe mama mzazi. Mzee wangu alibaki bila ligi, nikamweka huru kwa muda. Mchungaji nikambadilisha na mwalimu wa kwaya wa kanisa la jirani pamoja na spika mbili. Nilipomaliza niliusoma ule ukoo kwa sauti. Mzee akauliza sasa yeye atakula wapi. Nikaikunja karatasi, na naamini ninyi pia mashabiki wakiwauliza hivyo mnaikunja.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu na bila haraka, ila iwe kabla ya mwezi wa nane:

Kwanza, Columbus irudishwe Mito Mitatu. Ikishindikana, Beargrass nayo ihamishiwe Ligi ya Kaskazini, na Arizona ibaki peke yake na mito yake. Ikishindikana hiyo pia, basi timu zote mbili zije kwenye paking ya ukumbi wa harusi Jumamosi hiyo saa nne asubuhi, zicheze robo moja tu, na refa mmoja anatosha. Chakula kipo. Nzigire akishaona hata mchezaji mmoja ameangushwa, atafunguka. Karoli apige teke la kwanza, maana ukumbi nimeukodi mimi.

Na ikiwa yote hayo hayawezekani, nipewe barua yenye muhuri inayosema kwamba Nzigire wa Columbus anaruhusiwa kunitukana nje ya msimu. Yeye anaheshimu sana muhuri, kama sisi wote tuliotoka kambini.

Mnasema mashabiki wa zamani watazoea. Tumeshazoea mengi, Mheshimiwa. Tumezoea theluji, jibini na zamu ya alfajiri. Mimi nasema kwa kiapo: timu haihamwi. Aliyezaliwa upande mmoja afie upande huo. Mtu anayebadili jezi kwa ajili ya faida yake hana tofauti na kinyonga, na kinyonga angalau hufanya polepole. Mimi ni Beargrass, Karoli ni Beargrass, na hata kaburi langu litaangalia upande wa lango la Beargrass.

Nisalimie familia yako yote, wakaguzi wa tiketi, wapiga tarumbeta, marefa (yule mwenye masharubu umwambie nimemsamehe), na katibu wako atakayeipokea barua hii, mwambie asiikunje. Wasalimie pia wale wa Arizona. Hawana kosa, wameletwa tu, na kuletwa ninakujua.

Wako mwenye subira inayopungua,

Dafroza, Mama Karoli

N.B. Nimelazimika kuifungua bahasha ikiwa na stempu tayari. Karoli amefika sasa hivi na habari njema ambayo naamini umeisikia: chuo cha Buffalo kimemwomba ahamie kwao. Mpiga teke WA PILI. Nimeruka mpaka goti la mzee likauma. Tumekwishakubali, na skafu zinakuja kwa posta. Atalala kwa mjomba wake, kwa Umurerwa, ambaye kwa kweli ni wifi wa dhahabu, sijui ni nani aliyemsema vibaya. Beargrass walikuwa watu wazuri, lakini mtu hawezi kukaa mahali pamoja kama jiwe.

Sasa, kwa kuwa Buffalo inacheza na Columbus kila mwaka, naomba yote niliyoyaandika hapo juu yasisomwe. Columbus isirudishwe popote. Msihamishe kitu, msiguse kitu, ligi zenu mmezipanga kwa hekima kubwa, na kaburi ni suala la kugeuza tu. Nikisikia mmebadilisha chochote kabla Karoli hajamaliza shule, nitaandika tena, na mara hiyo nitaileta barua kwa mkono.

Nzigire nilimpigia nikamwambia. Alivuta pumzi, kisha akanitukana dakika arobaini bila kurudia tusi, akamaliza kwa kuuliza mlango wa ukumbi una upana gani.