Mkwe Asiyetetemeka

Jumatatu, 4 Juni 1956

Kasilda amenipikia uji wa ulezi. Nimeumwaga wote nikimtazama. Macho yale! Nilisoma Tabora mpaka darasa la kumi, hakuna mwalimu aliyenionya kwamba mke anaweza kuwa na macho ya namna ile.

Halafu, balaa! Baba mkwe, mlina asali wa Kakese, ameagiza nipande naye mtini Jumamosi kufungua mzinga. Ndiyo desturi ya ukoo wao: mkwe akikimbia nyuki, mke anarudishwa kwao mpaka bwana ajifunze. Kasilda wangu arudi Kakese! Na mimi nikisikia nyuki mmoja tu, magoti yanagongana.

Evodi, karani mwenzangu mgodini, alimposa Kasilda kabla yangu akakataliwa. Atakuja kutazama. Ameuliza kama sisi tuliosoma Tabora tukizimia kwa hofu huwa tunabebwa mgongoni au kwa machela. Fisi!

Jumatano, 6 Juni

Nimepata akili! Melkior wa zahanati amenipa vidonge vya kutuliza. Moyo unapunguza mbio, misuli inalegea, hofu inasinzia. Kimoja tu, akasisitiza, na nikae chini. Mwoga huyu Melkior.

Alhamisi, 7 Juni

Nimejaribu viwili. Ajabu! Mikono imetulia kama mafiga. Ulimi mzito.

Kasilda alivaa kanga mpya, akazunguka mbele yangu, akauliza kama amependeza. Nikajibu ndiyo. Basi! Mimi ninayemsifu hata akipepeta mchele! Akaingia chumbani akalia kwamba nimeshamchoka. Nilitaka kumkimbilia, miguu ikagoma.

Dawa ilipoisha nilimweleza yote. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema mume anayetetemeka anamtosha. Nikikimbia nyuki, tutakimbia wote. Akaniomba nisimeze tena. Nimeapa.

Jumapili, 10 Juni

Jana sikuandika. Nililala.

Nilimeza vitatu. Nilifika kwenye tawi vizuri tu. Baba mkwe akafungua mzinga, nami nikaegemea shina la myombo nikasinzia. Yaliyofuata nimesimuliwa. Kasilda alikuwa chini, akaona nyuki wakinitembea shingoni na kichwa kikiinama. Akapanda! Mwanamke juu ya mti wa mzinga! Akanifunga shinani kwa ile kanga mpya, akanikumbatia. Babake alipofoka, akamjibu kwamba ananizuia nisiwafukuze nyuki wote.

Hawakuniuma hata mmoja. Nyuki hana ugomvi na gogo. Walimuuma yeye, mkononi. Evodi alikimbia mpaka barabarani, kofia akaiacha.

Baba mkwe ametangaza Kakese nzima kwamba hajapata kuona mkwe mtulivu hivi, analala katikati ya nyuki! Kasilda harudi popote. Nimepewa na zawadi: mizinga sita. Yangu. Niiline mwenyewe.

Jumatatu, 11 Juni

Nimempaka Kasilda asali pale alipoumwa, nikabusu kila kidole. Nimeapa tena: sitameza kidonge maisha yangu. Ameniamini, malaika wangu. Na kweli sitameza.

Ila nimepita kwa Melkior, nimechukua chupa nzima ya vidonge. Nitavisaga, nivichanganye na magome ya kufukizia mizinga. Kilichomtuliza mume kitashindwaje kutuliza nyuki? Na moto nitaupuliza mwenyewe, uso karibu kabisa, ili Kasilda wangu asipate hata chembe ya ule moshi.