Wajumbe Wangu Wanarudi Wameshiba

Jumatatu, 8 Septemba

Mke wangu Winfrida ameondoka. Hakupiga kelele, hakuvunja hata kikombe. Angevunja, ningejua pa kuanzia. Kafunga kanga zake, kabeba kinu chake cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, kateremka kwa kaka yake Gervasi. Wala si mbali. Nikisimama mlangoni mwa duka langu la vipuri vya baiskeli hapa Gungu, naona mpaka nguo zinazoanikwa uani kwa Gervasi.

Kosa langu? Jana baada ya misa, Bonifasi, mwenyekiti wetu wa jumuiya, aliuliza nani atapokea sala ya Jumamosi. Kimya. Mimi kimya sikiwezi. Nikanyoosha mkono: njooni kwangu, Mama Recho atapika, mtakula mtasaza. Mama Recho, ndiye huyo Winfrida, alikuwa benchi la nyuma yangu, anasikia pamoja na wengine. Naambiwa eti si mara ya kwanza. Sijui. Mema yangu huwa siyahesabu.

Jumamosi uani kwangu watajaa watu, na mimi ninachojua kupika ni chai. Lazima arudi! Lakini kwenda mwenyewe kuomba msamaha, mtu mzima, mtaa mzima ukichungulia? Hapana. Nitatuma wajumbe.

Jumanne, 9 Septemba

Mjumbe haendi mikono mitupu. Asubuhi nimekwenda ufukweni Kibirizi kutafuta dagaa. Mitumbwi yote imelala mchangani, wavuvi wanashona nyavu. Mwezi mpevu! Nani huvua dagaa mbalamwezi ikiwaka kama taa ya uwanja? Mama mmoja wa pale kaniuliza kwa upole kama nimehamia kutoka Dodoma. Mimi, niliyezaliwa hapa! Nimerudi na chupa ya mawese.

Nimemtuma Castory, fundi cherehani wa barazani kwangu. Nimemfundisha vizuri: sema nimekonda, sema silali, msamaha usiutaje. Kaondoka asubuhi, karudi jua limepinda, kijiti mdomoni. Kumbe alikuta sombe jikoni, na mawese yangu yakaingia humohumo. Nikamuuliza jibu ni nini. Kajilamba kidole, kasema yule mama ana hoja. Halafu katoa mfukoni suruali ya Gervasi ya kupunguza miguu. Nimetuma mjumbe, kaniletea kazi ya adui!

Jumatano, 10 Septemba

Leo zamu ya Mama Candide, anayekaanga maandazi mkabala na duka. Alikuja toka Burundi akiwa msichana, na neno halimtoki ovyo. Mwanamke kwa mwanamke, nikajua hapa mambo yatanyooka.

Karudi kasukwa nywele. Kichwa kizima! Nikauliza Winfrida kasema nini juu yangu. Walikuwa hawajanifikia, anasema, mazungumzo yalikuwa mengi. Kisha akageuza maandazi yake, akasema marehemu mumewe naye alikuwa hivihivi, mkono juu kila mkutano. Kuna watu yeye, Mama Candide, aliwapikia miaka na miaka, mpaka leo majina yao hayajui. Kanipigapiga begani kama mfiwa: ihangane, yaani vumilia, kwa Kirundi chake.

Niihangane nini? Mimi ndiye niliyeachwa!

Alhamisi, 11 Septemba

Mbinu mpya. Nimeugua.

Nimejifunika blanketi, nikamwagiza Castory apeleke habari kuwa nina homa kali. Nikategea sikio. Pikipiki ikasimama nje. Nikaanza kuguna. Akaingia Gervasi, kapanda bodaboda kwa mwendo wa kutupa jiwe, na chupa ya uji. Winfrida kautuma. Hauna sukari, na hilo si bahati mbaya, namjua.

Gervasi kanikokota hadi zahanati. Wamenitoboa kidole. Malaria hakuna. Shemeji yangu, mbele ya akina mama na watoto wao, akamgeukia nesi na sura ya mtu anayetaka kujua kweli.

“Dada, na kiburi je? Nacho mnakipima kwenye damu?”

Nesi alicheka mpaka akaweka sindano chini. Nimerudi kwa miguu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemtuma Bonifasi mwenyewe. Uzito wa jumuiya nzima!

Karudi anatabasamu: mambo yamekwisha, tumshukuru Mungu. Nikamkumbatia. Nikamwachia polepole niliposikia yaliyokwisha ni yapi. Sala ya kesho imehamia kwa Gervasi. Winfrida kakubali kupika, tena kwa moyo. Bonifasi anasema alimwuliza kwanza kama yuko tayari, kama vile huo ni uvumbuzi. Akaniomba nisisahau kubeba benchi langu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeshuka na benchi kichwani, majirani wote wakinisalimia kwa sauti kuliko kawaida.

Ukafika wakati wa maombi. Castory akawaombea waume wenye shingo ngumu, bila kutaja jina. “Ee Bwana, utusikie,” wakaitika wote, wakinitazama.

Baadaye nilimkuta Winfrida nyuma ya nyumba akiosha masufuria. Wiki nzima nimefundisha watu maneno. Nikatafuta hata moja, hakuna.

“Nimekukosea, Mama Recho. Ningekuuliza.”

Aliendelea kusugua. Nikajua sasa basi, imekwisha, nitazeeka na chai.

“Toka Jumanne napokea wajumbe kama diwani,” akasema. “Kumbe mdomo unao.”

Akanisukumia sufuria la kusuuza. Nikasuuza. Na lingine. Vyombo vya jumuiya nzima, na mimi moyoni naimba.

Jumapili, 14 Septemba

Amerudi! Kinu nimekibeba mimi. Nyumba inanukia kitunguu. Sina zaidi, nakwenda kula.

Jumanne, 16 Septemba

Masikini Meshack, fundi pancha wa jirani. Mkewe kakasirika, kaenda kwao Kasulu. Nimemkuta kavaa viatu, anataka kumfuata mwenyewe, leo hii! Nimemkalisha chini. Nimemwambia hivyo ndivyo wanaume wanavyoharibu. Mke hurudishwa na wajumbe. Atazame mimi: nimetuma wajumbe, na mke yuko wapi? Nyumbani!

Akasema hana wa kumtuma. Nikamwambia aniachie mimi. Kasulu panahitaji mjumbe mzito, mwanamke aliyekwisha kununa na akarudi, anayeijua njia yote. Akauliza, kwa heshima, kama huyo mtu atakubali. Nikacheka. Nimeshamkatia tiketi ya basi la kesho asubuhi, kiti cha dirishani.

Sasa hivi Winfrida yuko sokoni. Akirudi nitamwambia.