Kichwa cha Sentimita Sitini na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Mkataji mkuu wa karakana yetu ya ushonaji anastaafu Ijumaa. Bosi katangaza kwamba mkasi wake mkubwa, pamoja na cheo, utakuja kwangu au kwa shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, anayeshona kwenye cherehani iliyo jirani na yangu. Nimecheka hadi pini zikanitoka mdomoni. Nimewaeleza mafundi kwamba mwanamume ana akili zaidi kwa sababu kichwa chake ni kikubwa. Ni sayansi. Nilisoma kabla sijaacha shule, au niliota, lakini ni sayansi. Shemeji akasema hata tikiti maji ni kubwa, ila hajaliona likikata suruali. Wivu huo.

Jumanne, 5 Machi
Utafiti umeanza, futi mkononi. Mimi: sentimita sitini na moja. Shemeji: hamsini na tano. Bosi: hamsini na nne. Hiyo sikuiandika kwenye karatasi ya utafiti, nina familia inayonitegemea. Jioni kaja mama mkwe kutusalimia. Nikampima. Sitini na tatu! Nikamwomba kwa heshima zote avue kilemba. Sitini na mbili na nusu. Nikaandika: ana mafua, kichwa kimevimba. Mama mkwe akamuuliza mke wangu kama huwa nalala vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Bahati hiyo. Oda ya kofia arobaini za bendi ya tarumbeta. Bosi kasema nikate mimi, apate kuona uwezo wangu. Shemeji akanikumbusha vipimo vya wanabendi vimo kwenye daftari la oda. Nikamjibu kwamba mwanamuziki ni mtu mwenye akili, na kichwa cha mtu mwenye akili kiko hapa juu ya shingo yangu. Nikakata zote saizi yangu.

Alhamisi, 7 Machi
Wanabendi wamekuja kujaribu. Kofia zimewashuka hadi puani. Mpiga ngoma kagonga mlango kwa paji la uso. Kiongozi wao akauliza, kwa upole ulioniuma, kama tulielewa kuwa hawakuagiza ndoo. Shemeji akachukua kofia moja, akaipunguza kwa nyuma, akapachika ukanda wa mpira ndani, ikakaa. Akaniambia nivute kiti, zimebaki thelathini na tisa. Tulishona hadi jioni na hakunisema vibaya hata mara moja. Nikamwambia mshono wake umenyooka. Ni kweli, umenyooka.

Ijumaa, 8 Machi
Mkasi kapewa shemeji. Nimepiga makofi kuliko wote, nikainunulia karakana nzima soda. Akasema kuanzia Jumatatu nitakaa upande wake nijifunze kupima. Mimi, fundi wa miaka kumi na miwili! Nimewaza hadi nikagundua kosa langu. Akili haikai kichwani. Ni kitu kizito, lazima ishuke. Iko miguuni. Mimi navaa viatu namba arobaini na tano. Nimeshamwomba mkataji mkuu mpya aje Jumatatu amevaa ndara, nimpime miguu bila kupoteza muda na kamba za viatu.