Riwaya ya Mganga wa Jukwaani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeacha uganga. Sijamwambia mtu. Kibao mlangoni bado kinasema TABIBU, na asubuhi nimempokea mgonjwa mmoja kwa sababu alikuwa ameshakaa. Lakini moyoni nimeacha. Kuanzia leo mimi ni mwandishi wa riwaya.

Niweke mambo sawa, maana shajara hii itakuja kusomwa na watu wa vyuo. Miaka kumi na moja nilikuwa mwigizaji. Kikundi chetu kilinipa nafasi moja tu, ya mganga. Joho jeupe, miwani isiyo na vioo, sauti ya kutokea tumboni. Kikundi kilipovunjika, watazamaji hawakukubali. Walinifuata nyumbani na migongo yao. Nikawakanda. Nikawachemshia mchaichai. Baadhi walipona, sijui kwa nini. Ndivyo ilivyopita miaka tisa.

Sasa kuna Mfalme. Huyu alicheza mfalme katika kikundi hichohicho na mpaka leo hajashuka kitini. Ana duka la kuchapa na kutoa nakala, barabara ya pili. Jana alinionyesha kitabu chake cha vichekesho, kurasa arobaini, picha yake nyuma. Akaniuliza kwa upole kama herufi ninaziona vizuri. Nimeumia. Naandika riwaya ya kurasa mia tatu.

Mke wangu ameuliza daftari saba ni za nini. Nimesema za kumbukumbu za wagonjwa.

Jumatano, 5 Machi

Kurasa sita. Tatu kati ya hizo ni jina langu, nikijaribu miandiko.

Tatizo ni kwamba sina kisa. Nimekaa mezani tangu saa mbili hadi saa tano nikitazama ukuta. Mama mkwe anaishi nasi tangu ateguke kifundo. (Nilikikanda mimi, kesho yake akaenda kukifunga hospitali, tusiongelee hayo.) Alipita mara nne kuniuliza kama naumwa.

Saa sita akaja karani wa posta na mgongo wake. Nikiwa namkanda, akafunguka. Kumbe anamwogopa mbwa wake mwenyewe, na mkewe hajui. Akitoka kazini huruka ukuta wa nyuma asikutane naye. Ndiyo sababu ya mgongo kuuma.

Nilisimamisha mikono. Miaka tisa watu wananimwagia mambo kama haya, nami nilikuwa nayaona kero!

Uganga nimeurudia, kwa ajili ya utafiti tu. Karani nimemkanda saa moja na nusu ili aendelee kusema. Ameondoka amepinda kuliko alivyokuja, lakini nina sura mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Sura sita. Mkono umevimba. Sina wa kunikanda.

Leo alikuja fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Ndiye aliyenishonea lile joho la jukwaani, kwa hiyo ananijua nje ndani. Huu ni mwezi wa pili anakuja. Kiu isiyokatika, uchovu, miguu inamchomachoma, na sasa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Dawa yangu kwake ni mchaichai na asali, vijiko vitatu, asubuhi na jioni. Leo nimeona amekonda. Nilimuuliza kama dawa inamsaidia. Akasema inasaidia kidogo, ila alikuwa ananitazama kama mtu anayenionea huruma.

Jukwaani, hapa ndipo taa zilipozimwa na mgonjwa akainuka. Kwenye chumba changu hakuna wa kuzima taa. Nikampa chupa nyingine. Nikaangalia viatu vyangu mpaka akatoka.

Halafu nikaandika sura ya saba bila kufuta neno. Mganga wa kitabuni anamwambia mgonjwa wake, dada yangu, mimi sijui unaumwa nini. Nimekuwa nikijifanya najua. Nenda hospitali leo, usipitie kwangu tena.

Kwa nini sikumwambia hivyo mdomoni? Sijui. Kitabuni ni rahisi kuwa mtu mzima.

Jumanne, 11 Machi

Nimepeleka daftari kwa Mfalme zikachapwe. Nimemwomba asisome. Akasema mchapaji hasomi, vidole ndivyo vinavyosoma.

Nimeficha nyayo zangu vizuri. Karani wa posta amekuwa karani wa reli. Fundi cherehani amekuwa fundi viatu. Hata wakipewa mwaka mzima hawatagundua.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Nimefika dukani kuchukua kazi yangu nikakuta watu kumi na tisa kwenye foleni ya nakala, na hakuna anayetoa nakala. Mfalme amesimama juu ya stuli, anawasomea riwaya yangu kwa sauti yake ya kifalme. Waliponiona wakageukia mashine. Mmoja akakohoa.

Nikamvuta pembeni. Katika kupekua karatasi nikagundua jambo jingine. Katika sura ya nne ameingia mfalme ambaye sikumwandika. Anafika juu ya farasi, mzuri wa sura, wasichana wanazimia, anatoka bila kusaidia kitu. Mfalme akasema kitabu kilikuwa kimelegea katikati.

Kisha akaniambia, kama jambo dogo tu, kwamba fundi cherehani alikuwepo asubuhi. Aliisikiliza sura ya saba, akaomba irudiwe, akaondoka ameacha vyeti vyake kwenye mashine.



Karani, aliyekuwa kwenye foleni, alinifuata nyumbani jioni. Nikajiandaa kwa kipigo. Kumbe amecheka mpaka mbavu zikamuuma, na mgongo juu yake. Anasema mwoga huyo wa mbwa anamjua, anakaa naye dirisha la pili.

Mama mkwe amemaliza kitabu chote kwa kikao kimoja. Anasema ni uongo mtupu isipokuwa sura ya saba, na akataka kujua nimeinakili wapi. Mke wangu alitaka kujua kitu kimoja tu, mganga wa kitabuni mke wake yuko wapi. Nikasema alifariki. Nilijua nimekosea kabla sijafika mwisho wa neno.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda kwa fundi na hotuba ya kuomba radhi, nimeikariri njia nzima. Duka limefungwa. Jirani yake muuza vitambaa akasema ameondoka na dada yake tangu jana, amebeba mkoba, hakuaga.

Nimerudi nikamweleza mke wangu yote. Alikuwa anapanga nguo. Akaacha.

"Miezi miwili unampa asali?"

"Vijiko vitatu."

"Na ulijua anaumwa nini?"

"Sikujua. Ndicho nilichoandika."

"Uliwaandikia watu wote isipokuwa yeye."

Akafunga chumba cha tiba, akampa mama yake ufunguo. Mama mkwe akaufunga kwenye pindo la nguo. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo ndilo lililonikata maini. Sikula.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi amekuja. Amekaa kwenye kiti cha wagonjwa tulichokihamishia ukumbini. Mimi nilisimama kama mshitakiwa. Mkononi ana kadi ya hospitali. Ni sukari, na ilikuwa imepanda vibaya. Walimlaza siku mbili. Daktari amemwambia kwamba angesubiri wiki nyingine, angepelekwa amebebwa.

Akaniuliza, "Yule fundi viatu ni mimi?"

Nikasema ni mtu wa kubuni.

"Anashona viatu, halafu anashindwa kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani?"

Nikakubali.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaacha kuja."

Mama mkwe akajifanya anafuta meza ambayo ilikuwa safi. Halafu fundi akasema, "Kaka, chai yako sikuiamini siku hata moja. Nilikuwa nakuja kwa sababu unasikiliza. Lakini kile kitabu nilikiamini, kwa sababu kilisema hujui."

Akasimama, akanitengeneza ukosi wa shati kama alivyokuwa akifanya kabla sijapanda jukwaani. Akasema niendelee kuandika, kwenye karatasi nina akili. Asali nimwachie nyuki.

Nilikwenda kulilia jikoni. Mke wangu alikuwa huko tayari, anakata vitunguu, au anajisingizia vitunguu. Akanisogezea kisu na viwili vya kwangu. Nadhani nimesamehewa. Nimeahidi kwamba sura ya nane mke wa mganga atafufuka.

Jumatano, 19 Machi

Nimetafakari siku mbili. Nimepata somo kubwa, na nashangaa sikuliona mapema.

Kitabu changu kinatibu!

Ushahidi uko wazi. Fundi alisikia sura ya saba mara mbili, leo anatunga uzi. Karani alicheka, na tangu Ijumaa hajalalamika mgongo. Chai haikufanya hayo. Nimebadilisha kibao. Kinasema TABIBU KWA RIWAYA. Sura ya pili kwa mgongo. Sura ya nne, yenye Mfalme, kwa wasiopata usingizi. Sura ya saba kwa magonjwa mazito, kutwa mara tatu baada ya chakula. Mfalme amekubali kutoa nakala, sharti apewe sura nyingine na farasi wa pili.

Mke wangu amesoma kibao kuanzia juu hadi chini. Akaingia ndani bila neno. Nimelichukulia kuwa ni ridhaa.

Mgonjwa wa kwanza amefika saa tisa. Dereva wa lori, goti. Nimepekua kitabu kizima, hakuna goti hata moja. Sikutaharuki. Nimemwambia arudi Jumatatu, nitakuwa nimeshamwandikia. Mama mkwe akajitolea kumsindikiza hadi barabarani, amemshika mkono, anamweleza jambo kwa kirefu. Bila shaka anamsimulia kitabu. Wamepinda upande wa hospitali, ambako kwa dereva si njia ya kurudi kwake, lakini watu wakinogewa na hadithi hupotea.

Sasa naanza. Sura ya tisa: Goti.