Komeo la Mlango wa Bata

Mtu anayetembea na kioo cha kukuza mfukoni anatafuta kitu kidogo cha bei kubwa. Ndivyo alivyowaza Waziri, Jumatatu asubuhi, alipomwona mgeni mmoja ameinamia picha za bunduki katika malewa, mgahawa wa wapita njia karibu na gati la mitumbwi, sahani ya maharage imepoa mbele yake na nzi wamekwisha kuigawana.

Tusiwe na haraka ya kumhukumu Waziri. Alikuwa na pikipiki moja na ulimi mmoja. Pikipiki ilimlisha siku za kawaida, ulimi ukamlisha siku za sikukuu. Mwaka uliotangulia aliwauzia wageni watano tiketi za kutazama maporomoko ya Wagenia wakiwa upande wa kivuli. Hakuna aliyerudi kulalamika, kwa kuwa kivuli kweli kilikuwepo.

"Tonton," alisema akivuta kiti, kama anayemwita mjomba wake, "hizo bunduki zimekukosea nini?"

Mgeni akacheka. Jina lake Augustin, notari, mthibitishaji wa hati, mstaafu kutoka Kinshasa. Alikusanya bunduki kuukuu zisizoweza kulia tena, na kwa kazi hiyo alikuwa na vibali vyenye mihuri minne. Alikuwa nazo za Wabelgiji, za Wareno, za Warusi. Alipungukiwa na moja tu: bunduki ya jeshi la Ufini.

"Finlande? Kule kwenye barafu?" Waziri alitikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba ana shemeji huko. "Alors, tonton, mutu atajuaje hii iko ya Finlande, ile hapana?"

Hapo Augustin alifanya kosa ambalo watu wengi wenye elimu hulifanya: alijibu swali kikamilifu. Alieleza kwamba Wafini hawakuunda bunduki yote. Walichukua za Warusi, wakabakiza lile sanduku la chuma la nyuma, wakatia mtutu wao na mbao yao, kisha wakapiga muhuri wa jeshi lao: herufi S na A ndani ya mraba. Na mbao yenyewe mara nyingi ilikuwa ya vipande viwili, vilivyoungwa kwa meno marefu yanayoingiliana kama vidole vya mtu anayesali. "Jointi hiyo ndiyo kitambulisho," alisema. "Nikiona jointi na nikiona mraba, silali. Nitalipa anachotaka mwenyewe."

Waziri aliinamisha kichwa kwa heshima. Taifa zima limechukua kitu cha jirani, limekipiga muhuri wake, na leo watu wanakitafuta kwa kioo. Aliona kuwa hao ni watu ambao angeweza kukaa nao.

"Tonton, nipe siku tatu," alisema. "Mi najua mji huu mpaka chini ya vitanda."

Hilo halikuwa uongo wote. Aliijua bunduki moja. Ilikuwa ng'ambo ya mto, Lubunga, kwa Mama Félicité mfuga bata, mtu wa Isangi kwa asili. Babu yake, fundi wa mashine za meli, aliiacha na hakusema aliipata wapi. Bunduki kuukuu husafiri kuliko mabalozi, na hazina pasipoti. Mtutu ulikuwa umezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, chuma cha kufungia nyuma kilipotea, na juu yake kulikuwa na rangi ya kijani nzito kama uji. Kwa miaka kumi na tisa ilifanya kazi ya heshima: komeo la mlango wa banda la bata.

Mpango wa Waziri ulikuwa mwepesi. Ataiazima, seremala ataikata mbao na kuiunga kwa meno, yeye mwenyewe atachonga mraba na herufi mbili kwa msumari. Ufini itazaliwa upya Kisangani kwa siku tatu. Akapakia pikipiki kwenye mtumbwi, akavuka.

"Mama, nimekuja kukuondolea hii takataka," alisema. "Nitakuletea komeo mpya ya chuma."

Mama Félicité hakuacha kuwatupia bata pumba. "Hiyo takataka iko ya babu yangu. Unaitaka ya nini?"

"Mchezo wa parokia, mama. Kuna sehemu ya askari."

"Wewe si Mwislamu?"

"Yule askari iko mupagani, mama. Donc walitafuta mutu wa inje."

Mama Félicité alimtazama kwa muda, kama mtu anayekadiria uzito wa kuku bila kumshika. "Bon. Chukua. Pikipiki itabaki hapa."

"Mama, pikipiki iko mukono wangu."

"Acha mukono. Kitu ya babu itarudi vile imeenda, na mukono wako utarudi vile umekuja."

Waziri alipima. Bila pikipiki alikuwa mtu wa miguu mwenye maneno mengi, na mji una watu kama hao kila kona. Lakini aliyapima maneno ya Augustin pia, *anachotaka mwenyewe*, na mizani ikalala upande huo. Akatoa ufunguo, akaufunga mzigo katika shuka jeupe.

Papa Hamadi, seremala, alikuwa wa ukoo wa mafundi ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara, wakabaki kwa sababu ya miti. Alikuwa mtu wa maneno machache na randa nyingi. Waziri alimkabidhi bunduki pamoja na karatasi aliyoichora mwenyewe: mbao, na katikati yake mstari wa meno yanayoingiliana.

Sasa, kanuni ya kwanza ya tapeli ni kutosema wazi anachotaka, kwa sababu asiyesema hashitakiwi. Waziri aliishika kanuni hiyo hata mahali isipohitajika, kama mtu anayetembea na mwavuli ndani ya nyumba.

"Papa, utoe rangi yote," alisema. Kisha akagonga mchoro kwa kidole. "Halafu hapa, kwa haya meno, ufanye kazi yako. Unanielewa."

Papa Hamadi aliutazama mchoro. "Bunduki iko yako?"

"Hapana, papa, ya Mama Félicité wa Lubunga." Hiyo ilikuwa kanuni ya pili: kitu chochote cha mashaka ni cha mtu mwingine. Akalipa kila kilichokuwamo mfukoni mwake, akaondoka kwa miguu akipiga mluzi.

Alhamisi alirudi. Papa Hamadi alifunua shuka taratibu, na Waziri akaona bunduki inayong'aa kama kijiko cha harusi. Mbao ilikuwa nyekundu ya asali, nyororo, mpya, ya kipande kimoja tangu kitako hadi mbele. Hapakuwa na jino hata moja.

"Papa," alisema polepole, "meno iko wapi?"

"Nilitoa ile aibu."

"Aibu gani?"

"Ile ulichora. Nilitoa rangi, nikaikuta palepale uliponionyesha. Mutu alichukua vipande viwili vya mbao nyeupe, akaviunga kwa meno kama ya mamba, hakuona haya kuacha jointi inje kila mutu aone. Kwetu, mwana akiacha jointi inaonekana, baba anamunyang'anya randa." Mzee aliipapasa mbao mpya. "Sikutaka kuiba kazi kwa kuficha tu. Nilichonga nzima. Hii iko mbao ya afromosia, imekauka miaka sita kwa kivuli."

Waziri aliketi juu ya maranda. Aliuinua mtutu kwenye mwanga na hapo, karibu na sanduku la chuma, palipokuwa na rangi tangu wakati wa babu, akauona mraba mdogo. Ndani yake, S na A. Yeye na msumari wake hawakuwa wamefika hata karibu.

Mtu hutayarisha uongo kwa siku tatu, na muda wote huo ukweli umekaa chini ya rangi ukimsubiri.

"Papa, ile mbao ya zamani. Mama wa nyumba alipikia?"

"Mbao ambayo fundi mwenzangu alitoka jasho? Hata kama hakujua kazi?" Papa Hamadi aliitoa nyuma ya mlango. Meno yalikuwa yameshikana vilevile. Waziri aliikumbatia; sisi tusio na haraka ya kuhukumu tutasema tu kwamba aliikumbatia kwa muda mrefu.

"Hata monsieur mumoja mugeni aliipenda," aliendelea mzee. "Anazunguka kwa maseremala wote, anasema mbao kuukuu inaishia kwetu. Aliiangalia na kioo, mututu sikumuonyesha, ilikuwa ndani ya shuka, akataka kununua vilevile. Nikasema mali ya mutu haiuzwi na fundi, aende kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Si ulinambia? Mama Félicité wa Lubunga. Ameenda sasa hivi."

Waziri alifunga kila kitu ndani ya shuka jeupe akakimbia. Mzigo mrefu, mwembamba, wa kitambaa cheupe kama sanda, umebebwa na mtu anayehema na macho mekundu: njia nzima watu walimpisha wakisema pole. Gatini mama mmoja alimwachia nafasi yake katika mtumbwi na mpiga kasia akakataa nauli. Waziri alipokea vyote, maana mtu wa kazi yake hakatai kitu.

Bado alikuwa na tumaini. Mgeni hupenda kupatana, na Mama Félicité hupenda kukataa. Wangeweza kuwa bado kwenye salamu. Lakini aliwakuta wameketi mbele ya banda, karatasi imekwisha kuandikwa, na Augustin anaungoja wino ukauke.

"Tonton," Waziri alisema akihema, "nimeipata. Ya Finlande kabisa. Naapa."

"Najua," Augustin alisema. "Nimekwisha kuinunua. Asante kwa kuileta."

Waziri alisimama. Alikuwa amevuka mto mzima na ukweli mtupu mkononi, na haukuwa na soko.

Augustin alifungua shuka. Akaitoa mbao ya Papa Hamadi, akakilaza chuma katika mbao ya zamani, vikaingiana kama mtu na kitanda chake. Akatazama jointi, akatazama mraba. Kisha akashusha kioo.

"Nani alisugua hiki chuma?"

Waziri alirudi hatua moja kuelekea pikipiki.

"Ile rangi nyeusi ya kiwandani ilikuwa chini ya kijani chote hiki. Ilikuwa imelindwa, mama. Sasa imekuwa sufuria." Alivuta karatasi, kwa adabu ya mtu wa hati. "Tuliandika bei ya bunduki kama ilivyoondoka hapa. Haikurudi vile. Naomba tupunguze theluthi moja."

"Punguza," Mama Félicité alisema bila kubisha, na Waziri akaogopa, kwani hakuwa amewahi kumwona akikubali kitu upesi hivyo. Alimgeukia. "Mwana, parokia walicheza vizuri?"

"Mama, mi—"

"Theluthi yangu iko kwa pikipiki. Sitaiuza, mi si mutu mubaya. Utaiendesha wewe mwenyewe. Kila asubuhi utabeba bata, toka hapa mpaka gati, mpaka theluthi ikamilike. Bon, na hiyo mbao nyekundu niachie. Mlango hauna komeo."

Augustin aliifunga Ufini yake katika shuka jeupe, akaaga. Waziri aliitazama pikipiki iliyoegeshwa kando ya banda. Tayari kulikuwa na manyoya kwenye kiti. Aliwatazama bata. Walikuwa wengi, walifanana sana, na barabara ya gatini ina mashimo mengi ambamo bata mmoja, hata wawili, wanaweza kupata ajali ya kusikitisha. Uso wake ukaanza kurudia rangi.

"Na nawajua wote kwa majina," alisema Mama Félicité, akiendelea kutupa pumba.